Gundi ya Bawa la Kushoto

Bondeni, Nakuru

Zuhura mwanangu,

Salamu sitazirefusha, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukipiga chafya kwa vumbi la nguo za zamani. Ukuta kati yetu ni wa mbao, niliupigilia mwenyewe, na ningeweza kukuita tu ukaja ukaketi. Lakini unanijua. Ningekuita, ungekuja, ningekuuliza kama umekula, ungesema umekula, tungeishia hapo. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Mambo ya njiani Shangazi Mwanajuma amekwisha kuyasema, na akimaliza huwa anaanza upya. Usishuke stesheni usiyoijua, usiache kikapu chako kwa mtu, usitoe kichwa dirishani. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimekuwa seremala wa mabehewa tangu kabla hujazaliwa, na najua gari la moshi litakufikisha Kampala bila msaada wangu. Na huko shule ya wauguzi watakuwa na sheria zao, bila shaka nyingi kuliko zangu, kama jambo hilo linawezekana.

Nataka kukuandikia juu ya ile ndege yetu ya mti na karatasi. Jioni ya leo uliingia, ukatazama juu, ukaona kamba inaning'inia tupu kwenye boriti, ukaniuliza iko wapi. Nikakujibu nimeishusha kuifuta vumbi. Jibu hilo lilikuwa la kweli nusu tu. Nusu ya pili nitakueleza, lakini acha nianzie mbali kidogo, maana nikianzia leo nitashindwa kufika mwisho.

Unakumbuka desturi yetu ya karakanani, ile ya skrubu ya abiria. Msimamizi akisema kiungo cha benchi kinataka skrubu mbili, sisi mafundi tunatia ya tatu akigeuka. Hatumwibii mtu, ni kwamba benchi za daraja la tatu wanakalia mama zetu na shangazi zetu, na sisi ndio tunaojua gari linavyotikisika likipanda milima ya Mau. Skrubu ile ya tatu ndiyo tunayoiita ya abiria. Mimi niliipenda desturi hiyo kupita wenzangu. Niliileta mpaka nyumbani. Mlango wetu una bawaba nne, majirani wana mbili. Kitandani mwako ungeweza kulaza ng'ombe.

Mama yako alikuwa akinicheka kwa hilo. Alisema siku ya kiyama watu wote watafufuka isipokuwa mimi, kwa kuwa jeneza langu nitakuwa nimelitengeneza mwenyewe. Shangazi yako alimwambia Waislamu hatuzikwi na majeneza, naye akasema, "Huyu atajitengenezea tu." Hata sasa nikiandika naisikia sauti yake ikitoka kule kwenye cherehani.

Alipougua, nilimwuguza kwa mtindo uleule. Kuna jambo moja sijawahi kukwambia, nalo si siri, ni kwamba linanichoma. Wiki zake za mwisho alikuwa akiniomba kila asubuhi nimtoe nje, akae kibarazani, aote jua na aone watu wakipita kwenda sokoni. Mwaka ule ziwa lilikuwa limeanza kukauka, na upepo ulikuwa unaleta ule unga mweupe wa magadi mpaka ndani ya masufuria. Nikasema vumbi litamdhuru kifua. Nikaziba dirisha kwa vitambaa. Akaniomba tena, nikamwongezea blanketi. Alifia ndani, Zuhura, katika chumba kilichofungwa vizuri sana. Leo ningempa kibaraza chote na vumbi lake, na barabara yote ya kwenda sokoni.

Baada ya hapo tulibaki wawili na hatukuwa na la kuzungumza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nikirudi kazini, tunakula, unaosha vyombo, tunalala. Shangazi yako alitaka akuchukue, nikakataa, ila sikujua nimekubakiza ili tufanye nini.

Ndipo ikaja ile Jumapili tuliyoshuka mpaka lilipokuwa ziwa. Ardhi imekuwa nyeupe na ngumu, watu wanatembea mahali walipozoea kusimama heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu. Mzungu mmoja wa reli alikuwa ameleta ndege yake ndogo inayoongozwa kwa redio. Umati ulikuwa mkubwa. Alikuwa ameshika kisanduku chenye waya mrefu na kitufe kimoja, akikibonyeza ndege inapinda kule juu, na watu wanasema aah. Wewe hukusema aah. Ulikuwa umekaza macho kabisa. Kisha ndege ikaacha kusikia. Yule bwana akabonyeza, ikaendelea moja kwa moja. Akabonyeza tena, anatembea, anakimbia, huku akibonyeza tu, na ndege inakuwa ndogo upande wa vilima, mpaka haionekani. Bado alikuwa anabonyeza. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nilicheka pamoja nao. Wewe ndiwe uliyeuliza kama itapata mahali pazuri pa kutua.

Tulipokuwa tunarudi ukasema, "Baba, hata sisi tunaweza." Nikakwambia redio tutaipata wapi. Ukasema si lazima iwe na redio, ndege hawana redio. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka na wewe tangu msiba.

Mti tuliletewa na Mzee Lekuruki, yule muuza samaki wa kukausha kutoka Baringo. Nilimweleza nataka mti mwepesi kupita mbao zote, akaniangalia kama seremala mpumbavu, na safari iliyofuata akaja na gogo begani, refu kama yeye. Akakuita wewe, akakutwisha. "Bebe tu, mtoto. Hii mti inaota kwa maji. Sisi tunafunga pamoja, inakuwa mtumbwi, na haiwezi kuzama." Ulizunguka nalo uani kwa kidole kimoja cha kila mkono huku jirani zetu wamesimama milangoni. Niliufinya ule mti na ukucha ukaingia ndani. Nilikuwa nimezoea mti unaogombana na randa, na sikujua kama mti wa namna ile una heshima yoyote.

Basi nikaunda ndege. Nakumbuka nilivyojivuna. Mabawa yamekatwa kwa kipimo, kila kiungo nimekitia gundi ya karakana, na kwenye shingo, usicheke, nilitia skrubu. Ulipoishika ulishukuru kwa adabu. Tulikwenda nayo ziwani, ukaipandisha juu ya kichwa, ukakimbia, ukaiachia, ikaanguka mbele ya miguu yako na kutoboa ardhi. Ukaigeuza geuza, ukasema taratibu, "Baba, hili ni behewa lenye mabawa."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, kwa muda wa siku kadhaa, kama mtu mzima asivyopaswa. Wewe ukaanza ya kwako. Ukaomba dukani kwa Mhindi zile karatasi laini wanazofungia matufaha, ukazitandaza juu ya mabawa badala ya mbao. Ukaacha gundi yangu ukachemsha utomvu wa mgunga. Kila kipande ulikipima kwa kukilaza juu ya ncha za vidole viwili, na kilichoegemea upande ulikipiga msasa mpaka kikae sawa. Kwenye pua ya ndege ulibandika donge la nta. Nyumba nzima ilinukia matufaha. Nilikuwa nikirudi kazini nakukuta umekaa chini na vumbi la mti kwenye nyusi, na ninajua siku hizo ndizo zilizonirudisha duniani. Sijui kama nilikwambia. Nadhani nilikuuliza kama umekula.

Halafu nikafanya lile. Ulikuwa umeenda madrasa. Niliichukua ndege yako nikaipima mkononi, na wepesi wake ukanitisha. Nikawaza upepo wa kule chini, nikawaza utakavyolia ikivunjika. Nikafungua karatasi ya bawa kwa wembe, nikaingiza kijiti cha mti mgumu urefu wa bawa zima, nikafunika tena. Kazi safi, mtu asingejua. Skrubu ya abiria.

Ilipokataa kuruka hukulia. Uliirudisha nyumbani, ukakaa nayo, ukailaza juu ya vidole vyako viwili. Usiku ule niliketi kula, nikafunua sahani, nikakuta juu ya chapati kile kijiti, kimepanguswa, kimelazwa katikati. Ulikuwa unanimiminia chai na hukunitazama. Sijawahi kugombezwa namna ile na mtu yeyote, hata na mama yangu.

Ukatengeneza bawa upya, na Jumapili iliyofuata tukashuka tena. Hapo nilileta sharti langu la mwisho. Nilichukua uzi mweusi wa cherehani ya mama yako, nikaufunga kwenye bawa la kushoto, kwenye kiungo chake na mwili wa ndege, nikashika ncha. Sababu niliyokupa ilikuwa nzuri: katikati ya ziwa tope halijakauka bado, ikienda huko hatuwezi kuifuata. Wewe uliutazama uzi, ukanitazama mimi, ukakubali.

Iliruka, Zuhura. Umekua sasa na huenda umesahau ilivyoruka. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa mji, nawe uliukimbilia upepo, ukaiachia, ikainuka kana kwamba ilikuwa inangoja hapo siku zote. Jua lilipita kwenye zile karatasi nikaona mifupa yake yote. Uzi ulikuwa unanipita vidoleni, nami nilikuwa nacheka kwa sauti. Kisha uzi ukaisha. Ukageuka ukaniambia, "Baba, achia."

Nilikusikia vizuri. Ukasema tena, "Achia, Baba, itatua yenyewe." Nikaona inavyozidi kuwa ndogo, na vidole vikakaza. Sikufikiri tope wala chochote. Ndege ikavutwa kwa bawa moja, ikapinduka, na bawa likakatika palepale lilipofungwa uzi.

Nililiunga bawa hilo mwenyewe, kwa gundi yangu, nyingi. Nikaitundika kwenye boriti nikasema tutairusha siku nyingine. Mvua zikarudi, ziwa likajaa, heroe wakarudi mahali pao. Kwenda kuirusha kilimani Menengai miaka ile ya Hali ya Hatari hakukuwezekana, askari walikuwa wakimkamata hata mwokota kuni. Mambo yalipotulia wewe ulikuwa msichana mkubwa, una shule yako na vitabu vyako, na ndege ikawa kitu cha kuning'inia. Kila ulipofungua mlango ilikuwa inazunguka kidogo kwenye kamba yake.

Mwaka jana barua ya shule ya wauguzi ilipokuja, nilikwambia tungoje. Nilisema wewe ni mdogo, nikasema Kampala ni mbali, nikasema watu wa msikitini watanena. Watu wa msikitini hawakuwa na habari. Imamu mwenyewe aliniuliza kwa nini nakuzuia, nikamjibu kwa ukali nikarudi nyumbani nimeudhika. Ukaitikia ndiyo Baba. Ukaendelea kunipikia, na nilijiambia kuwa umeridhika.

Mwaka huu barua ilipokuja mara ya pili niliiweka chini ya redio, nikaendelea kusikiliza habari. Siku hiyo jioni nikafunua sahani yangu. Kijiti kilekile. Sikujua ulikihifadhi wapi miaka yote hiyo. Ulikuwa unamimina chai, na safari hii kikombe kilijaa, chai ikamwagika kwenye kitambaa. Nilikitazama mpaka chakula kikapoa. Kisha nikasema nenda, na sauti ikatoka kavu kama ya mtu anayefukuza, nawe ukaenda jikoni kulia. Nilitaka kukufuata. Neno lile nililisema vibaya, kwa hiyo nalisema tena hapa kwa mwandiko wangu. Nenda, mwanangu. Nimeridhika nawe tangu hujaomba.

Nitakupa neno moja la kazi yako, kwa kuwa nimelilipia. Utakutana na mgonjwa anayetaka kukaa kibarazani. Watakuwepo watu wa kumwekea blanketi. Wewe muulize kwanza anataka kuona nini, kisha angalia kama hakuna namna ya kumtoa. Labda haitakuwapo, wewe ndiwe utakayekuwa unajua, si mimi. Lakini muulize.

Sasa nirudi kwenye kamba tupu. Mchana wa leo nilitoka kazini mapema, nikaishusha ndege, nikapanda nayo Menengai, kwenye majani yale ya chini ya msitu ambapo upepo unapanda kutoka ziwani. Nilikuwa nimeamua. Nilitaka niiachie bila uzi, iende zake, nikae niitazame mpaka nisiione, nijue kama naweza. Nilijiona mtu jasiri. Nilipangusa hata viatu.

Niliiachia kama ulivyokuwa unafanya, ila mimi siwezi kukimbia. Ikainuka. Ikapita juu ya miti, mji wote uko chini yake, mabati ya karakana yanang'aa, ziwa na mstari wake mwekundu wa heroe kule mbali. Mikono yangu ilikuwa wazi, haina kitu. Nikasema kwa sauti, "Haya." Mchungaji mmoja aliyekuwa karibu na kondoo wake akaitikia, akidhani namsalimu.

Kisha ikaanza kupinda kushoto. Polepole, duara kubwa, ikaenda ikafika upande wa reli, ikageuka, ikarudi. Nikasema ni upepo. Ikazunguka tena, duara dogo zaidi na chini zaidi, ikapita juu ya kichwa changu nikasikia mlio wa karatasi, ikatua nyuma yangu kwenye majani, taratibu kuliko mtu anavyoweka kikombe. Yule mchungaji akasema, "Mzee, hiyo imefundishwa?"

Nilikaa chini nikalia, na mchungaji akawa na heshima ya kwenda kuangalia kondoo wake. Nilipopata nguvu niliiokota, nikailaza juu ya vidole viwili kama ulivyonionyesha, ikaegemea kushoto. Ni ile gundi. Bawa nililolivunja nikaliunga kwa gundi nyingi ndilo zito, na uzito huo ndio unaoipindisha. Hakuna uzi wala redio. Ni kosa langu tu linalorudisha ndege nyumbani.

Basi utaelewa kwa nini sikukujibu vizuri jioni. Nilikuwa nimekuja nayo chini ya koti, naona haya kwa furaha niliyokuwa nayo.

Imo sandukuni mwako, hapa mlangoni lilipowekwa tayari kwa safari. Mabawa nimeyatenganisha na mwili kwa wembe, yako kati ya magauni, Shangazi yako hajui, na usimwambie, amekwisha kulalamika kwamba sanduku ni zito. Uzito si wa ndege. Nilitia skrubu za ziada kwenye bawaba, hilo nakiri. Kampala wanasema ni mji wa vilima. Tafuta kilima chenye majani, uyaunge mabawa kwa utomvu wako, uipe nta mpya puani, uirushe.

Nilikaa na msasa tangu magharibi ili niikwangue ile gundi, mabawa yawe sawa, iende moja kwa moja unakotaka wewe. Hiyo ndiyo kazi sahihi, na fundi yeyote angeimaliza kwa muda mfupi. Nilikwangua nusu. Nusu iliyobaki mkono ulikataa. Nimekuwekea kipande cha msasa ndani ya kiatu cha kulia. Ukiona inakuvuta sana, ikwangue mwenyewe, wala sitauliza.

Nimesikia umezima taa. Wali wako bado uko mezani, umefunikwa. Hukula.

Baba yako